Akili Ikikataa Kulala

Pwani tukitaka kusema mtu kalala hasa, twasema kalala usingizi wa pono. Pono mwenyewe yuko hapa mbele yetu, kwenye miamba ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 kwenye maji ya Nyali na Bamburi. Mchana kutwa hutafuna miamba kwa ule mdomo wake kama wa kasuku. Giza likiingia, aina kadhaa za pono hutoa ute, hujifunika nao mwili mzima, kisha hulala ndani yake. Mwaka 2011 watafiti waliomchunguza samaki huyu kule Australia waligundua kwamba utando huo humkinga na wadudu wadogo wa baharini wanaonyonya damu, wakaufananisha na chandarua. Kinachonivutia mimi ni mpangilio wake: pono hujitengenezea chandarua kwanza, usingizi baadaye. Sisi twafanya kinyume. Twashinda mbioni hadi saa tano usiku, twajitupa kitandani, kisha twashangaa usingizi hauji.

Nimekuwa muuguzi miaka mingi, sasa nimestaafu, naishi nyuma ya Links Road. Majirani huniuliza habari za usingizi kuliko wanavyoniuliza za presha na sukari, na wote husema jambo moja kwa maneno tofauti: mwili umechoka, macho mazito, lakini kichwa kikigusa mto tu, akili inafungua soko kama Kongowea alfajiri. Ada ya shule, kodi ya nyumba, neno alilosema shemeji mwezi jana. Wengine ni vijana wa tuktuk na bodaboda wanaovuka Daraja la Nyali kabla jua halijatoka, macho mekundu, abiria nyuma. Hao ndio wanaonitia hofu. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza kuendesha gari.

Kwa nini akili ichague usiku? Kwa sababu mchana haikupewa nafasi. Tangu alfajiri kuna wateja, watoto, redio, simu, na kila kimoja hufunika kingine. Kitandani ndipo kimya cha kwanza cha siku nzima, na yale yote yaliyosubiri mlangoni yaingia kwa pamoja. Nasi twayajibu kwa kuyafukuza, jambo ambalo huyaongezea nguvu. Mwanasaikolojia Mmarekani Daniel Wegner alilipima hili mwaka 1987: aliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila atakapowajia akilini. Kengele zililia. Jaribu wewe dakika moja usimfikirie punda wa Lamu, utaona. Na usingizi una tabia hiyo hiyo. Mtu anayejilazimisha kulala anakaa macho akijichunga kama ameshalala.

Dada yangu mkubwa binti yake yuko Riyadh, kafanya mkataba wa miaka miwili wa kazi za nyumbani. Saa za huko ni sawa na zetu, hata dakika, kwa hivyo simu yake inapolia saa sita na nusu usiku ni kwa kuwa ndipo kazi yake imekwisha. Mwaka wa kwanza dada alikuwa halali mpaka amesikia sauti ya mtoto. Siku asipopiga, hukesha. Siku akipiga, hukesha vilevile, akiyarudia maneno: kwa nini kacheka vile, kwa nini kasema chakula kipo tu. Usiku wenyewe ukawa ni simu. Alipungua, akawa anasahau dawa zake za presha, na mara moja alianguka bafuni saa kumi kasoro za usiku.

Mtu kama huyo huwezi kumwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wake una haki. Nilichomwambia ni kwamba wasiwasi upewe saa yake na mahali pake, na mahali pake si kitandani. Baada ya Asri, jua likiwa bado juu, akaketi na daftari la shule la mistari, dakika 20. Ukurasa wa kushoto huandika linalomsumbua, wa kulia huandika hatua moja ya kesho, hata ndogo: kumpigia wakala, kutafuta nakala ya mkataba, kumuuliza mama fulani wa Kisauni ambaye naye ana mtoto huko. Yasiyo na hatua huyaandika vilevile, na mbele yake huandika dua. Usiku yakirudi, hujiambia: hilo limeandikwa, zamu yake ni kesho Alasiri. Siku za kwanza akaona upuuzi. Wiki ya tatu akaniomba daftari jingine.

Na simu tukaipanga. Mtoto akikosa kupiga mapema, huacha ujumbe wa sauti, mama huusikiliza baada ya Alfajiri. Simu hulala sebuleni, imewekwa kwenye mpangilio wa kunyamaza unaoruhusu namba chache tu kulia, na namba ya binti ni mojawapo. Kwa hivyo likizuka la dharura, italia. Isipolia, hakuna haja ya kuichungulia. Naona hili ndilo lililomlaza dada yangu kuliko yote, kwa maana aliacha kuwa mlinzi.

Uandishi huu umewahi kupimwa. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, aliwalaza watu 57 kwenye maabara ya usingizi. Nusu waliandika kwa dakika 5 mambo wanayopaswa kufanya siku zijazo, nusu wakaandika waliyoyamaliza. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema kwa dakika 9 hivi, na aliyeandika kwa urefu na kwa undani zaidi alilala mapema zaidi. Dakika 9 si nyingi, lakini ni kwa kalamu tu.

Zamani hili likifanywa kwa mdomo. Baada ya Isha watu waliketi barazani, wakasemezana ya siku, wakacheka, sauti zikapungua, mmoja mmoja akaaga. Mtu aliingia ndani akiwa ameshatua mzigo. Fleti ya ghorofa ya nne haina baraza, na mahali pake pameshikwa na kioo cha simu, ambacho hakimuagi mtu. Saa moja kabla ya kulala taa kubwa na izimwe, ibaki ndogo, kwa sababu mwanga mkali huuchelewesha mwili kutoa melatonini, ile homoni inayouambia kuwa usiku umeingia. Zungumza na wa nyumbani mwako. Kunja nguo. Vuta uradi kama ni ada yako. Kazi yoyote ya mkono isiyo na haraka inafaa.

Sasa kitanda chenyewe. Mmarekani Richard Bootzin alieleza mwaka 1972 njia ambayo mpaka leo wataalamu wa usingizi huitumia. Kitanda kiwe cha kulala na cha mambo ya mume na mke, basi. Si cha kula, si cha kuhesabia pesa, si cha kutazamia video. Umelala na usingizi hauji kwa kadiri ya dakika 20? Inuka. Nenda kwenye mkeka chumba kingine, na kama nyumba ni chumba kimoja, keti sakafuni upande wa pili, taa hafifu, mpaka macho yawe mazito, ndipo urudi. Ikibidi mara nne, ziwe nne. Mantiki yake ni hii: ukigaagaa kitandani kila siku, mwili hujifunza kwamba kitanda ni mahali pa kugaagaa. Na saa ya ukutani igeuze uso, kwani kuhesabu zimebaki saa ngapi hakujamlaza mtu.

Ukiwa umelala na mawazo yanapita bila kuumiza, kuna mchezo aliobuni Luc Beaudoin wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada. Chukua neno lisilo na uzito, tuseme KANGA. Kwa K ona kikapu, halafu kisu, halafu korosho, kila kimoja kama picha, kwa sekunde chache. Zikikwisha, A: asali, asumini. N: nazi, ngalawa. Picha zisiungane zikawa hadithi, maana hadithi huamsha. Mimi hupenda majina ya vitu vya sokoni na baharini. Sijafika herufi ya tano mara nyingi.

Wenye shida ya usingizi huhangaikia saa ya kulala, kumbe iliyo mikononi mwao ni saa ya kuamka. Hapa petu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu na ushei mwaka mzima, na adhana ya Alfajiri hutangulia. Saa ya kuamkia tumepewa bure. Lakini wengi wetu huswali kisha tukarudi kulala hadi saa nne, na mtu asiyepata usingizi usiku akifanya hivyo anaukopa wa usiku unaofuata. Amka, toka nje, pata mwanga wa asubuhi machoni, ukiweza teremka ufuoni utembee maji yakiwa yamekupwa. Qailula si mbaya, ila iwe fupi, nusu saa, na iishe kabla ya Asri. Ramadhani ratiba yote hubadilika, hapo usijidai na kanuni hizi, lala unapopata.

Kahawa tungu naipenda, na sitaki kumkosanisha mtu na muuza dele. Ila kafeini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa 5 hivi, kwa hivyo kikombe cha saa tatu usiku nusu yake bado i macho saa nane. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kafeini ya miligramu 400 iliyonywewa saa 6 kabla ya kulala ilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Kahawa iwe ya kabla ya Asri, na chai ya rangi ya usiku nayo ina kafeini. Ya tangawizi tupu haina.

Muguka ni habari nyingine. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwake Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Rais Ruto akasema marufuku hayo hayana nguvu ya kisheria, na mabishano yakawa ya wakulima wa Embu na siasa za kaunti. Katika kelele hizo usingizi haukutajwa sana. Majani yale yana kathinoni, kemikali inayoamsha ubongo kwa namna ya amfetamini. Kijana anayetafuna hadi usiku na chingamu na njugu halali, handasi ikiisha anakuwa na huzuni na hasira, na kesho yake anatafuna tena ili aweze kusimama. Mama anayelalamika kwamba mwanawe amekuwa mkali mara nyingi analalamikia kukosa usingizi. Mnazi na pombe nyingine hufanya kinyume chake kwa hila: humlaza mtu upesi, kisha humuamsha usiku wa manane, kinywa kikavu.

Vidonge. Nimeona nyumba nyingi Nyali na Kongowea zenye Piriton kando ya kitanda, hata mafua hakuna. Inasinziisha, kweli, lakini mwili huizoea ndani ya siku chache, na asubuhi huacha kichwa kizito. Dawa za jamii ya diazepamu ni hatari zaidi, mtu huweza kuzitegemea ndani ya wiki chache tu, na aliyezoea hapaswi kuziacha ghafla bila daktari. Usizinunue kwa jirani.

Joto la Kaskazi pia lina sehemu yake. Mwili lazima upoe kidogo ndipo ulale, na mwezi wa Machi hata usiku wa manane huku kwetu ni nyuzi 24 au 25 pamoja na unyevu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas walipokusanya tafiti mwaka 2019 waliona kwamba kuoga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala huharakisha usingizi kwa dakika 10 hivi. Yashangaza, lakini maji hayo huivuta damu kwenye ngozi, na joto la ndani likatoka. Maji baridi sana hukaza ngozi. Shuka iwe ya pamba, feni ipulize kupitia chandarua, wala chandarua kisiondolewe kwa sababu ya joto. Kwa kelele za malori ya sokoni na muziki wa vilabu, vizibo vya masikio vya duka la dawa husaidia, na mvumo wa feni hufunika sauti ndogo ndogo.

Haya yote yakifanywa mwezi mzima bila nafuu, au ukikosa usingizi usiku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, hiyo ni maradhi yenye jina na tiba. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza tiba ya mazungumzo ya kubadili mawazo na mazoea ya kulala ianze kabla ya vidonge. Uliza huduma za afya ya akili katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani pale Makadara, au Port Reitz. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini, kisha akasinzia mchana kwenye usukani, asingoje mwezi, aende sasa. Na anayeamka usiku akiwaza kwamba afadhali asiwepo, amwambie mtu usiku huo huo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya haina malipo.

Ukienda, nenda na karatasi ya wiki mbili: saa uliyoingia kitandani, kadiri ulivyokaa macho, saa uliyoamka, ulichokunywa au kutafuna jioni, na dawa zote unazomeza, hata za miti shamba. Daktari wa zahanati ana dakika chache kwa kila mgonjwa. Akiipata karatasi hiyo mkononi, ana pa kuanzia.