Mfalme wa kwenye shilingi alikuwa na kigugumizi

Wadau, juzi nilikuwa stendi Tunduma nakata tiketi. Karani akaniuliza jina. Nikakwama. Mdomo wazi, foleni nyuma yangu inacheka, na karani akahoji kama hilo jina kweli ni la kwangu! Mimi ambaye jioni nasoma habari redioni bila kugota.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1940 mfanyabiashara aliyevuka mpaka hapo Tunduma alikuta sura ileile pande zote mbili. Huku shilingi ya Afrika Mashariki. Kule Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, shilingi ya Rhodesia ya Kusini. Zote zilikuwa na kichwa cha Mfalme George wa Sita. Vijana wa Tanganyika waliopelekwa kupigana hadi Burma walikuwa askari wake. Na bwana huyo alikuwa na kigugumizi.

Tarehe 31 Oktoba 1925, kabla hajawa mfalme, alihutubia kufunga maonyesho ya Wembley, London. Ilikuwa mateso kwake na kwa waliomsikiliza. Mwaka uliofuata akaanza kwenda kwa Lionel Logue, raia wa Australia ambaye wala hakuwa daktari. Wengi hudhani alipona. Hapana. Tafuta hotuba yake ya vita ya tarehe 3 Septemba 1939, usikilize anavyokwenda polepole, na vituo virefu. Unaweza kudhani ni uzito wa vita tu, kumbe karatasi ilikuwa na alama za mahali pa kuvuta pumzi, maneno magumu yalikuwa yamebadilishwa, mazoezi yamerudiwa, na Logue amesimama naye chumbani.

Ndiyo hivyo jamani. Hotuba ni njia uliyokwishaipita mara kumi kabla ya watu kukuona. Neno linalogoma unalitupa, unaweka lingine. Hata mimi habari zangu naziandika mwenyewe! Wengi wetu pia hatukwami tukiimba, au tukisoma kwa pamoja na wenzetu. Joe Biden, rais wa Marekani 2021 hadi 2025, utotoni alikuwa akikariri mashairi mbele ya kioo. Sisi tunasikia jukwaani. Mezani kwenye chai hakuna anayerekodi.

Sasa jina. Jina huna la kubadilisha nalo, ndiyo maana wenye kigugumizi wengi hukwama hapo hapo, na anayesubiri jibu anadhani unadanganya.

Nikatoa kitambulisho, karani akasoma mwenyewe.