Jumba, Jiko na Lugha: Nyumba za Walowezi kama Makumbusho katika Nyanda za Juu za Kenya

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, nacho ni kauli ya kutendesha ya kumbuka. Kwa umbo lake lenyewe, basi, neno hili ladai pawepo mwenye kukumbushwa na jambo la kukumbushwa. Lugha za Ulaya zilipata neno lao kutokana na hekalu la miungu wa sanaa wa Wayunani. Kiswahili kimelijenga lake juu ya tendo la nafsi. Ndiyo maana si ulizo la bure kuuliza kila jumba lililohifadhiwa lamkumbusha nani, na lamkumbusha nini.

Ulizo hilo lina uzito wa pekee katika mji wa Eldoret. Uwanda unaouzunguka umechukua jina la Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao nguvu yao ilivunjwa katika karne ya 19. Kabla yao, mapokeo yawataja Wasirikwa, na mashimo yanayoitwa kwa jina lao yangali yaonekana katika nyanda za juu za magharibi. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg, baada ya kutoka Afrika Kusini na kusafiri kwa meli hadi Mombasa na kwa reli hadi Nakuru, walipanda uwandani kwa magari ya kukokotwa na maksai. Mwaka 1910 ilifunguliwa posta kwenye shamba namba 64, na mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret. Wenyeji, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kuichukua hesabu ya Kiingereza wakaitia katika matamshi yao wenyewe: Sisibo. Neno hili moja ladokeza historia ya mji kuliko majengo yake mengi, maana laonyesha jinsi watu walivyopokea kitu cha kigeni wakakigeuza kuwa chao.

Yafaa ieleweke kwamba Malkia Victoria alifariki mwaka 1901, kabla ya walowezi kuingia Uasin Gishu. Mtafiti atafutaye humo jumba halisi la enzi yake hatalipata. Lakini mitindo ya maisha haifi siku moja na wafalme. Desturi za enzi ile, yaani sebule ya wageni iliyotengwa na chumba cha kulia, kengele ya kumwita mtumishi, na mlango wa mbele usio wa kila mtu, zilifuatana na walowezi zikapandwa juu ya udongo wa Kenya. Mfano ulio dhahiri zaidi ni kasri ya Maurice Egerton, Lord Egerton wa nne wa Tatton, karibu na Nakuru. Ujenzi wake ulianza mwaka 1938, ukacheleweshwa na Vita Kuu ya Pili, ukamalizika mwaka 1954. Bwana huyo alifariki mwaka 1958. Jumba la ukoo wake huko Tatton, Uingereza, liliachiwa shirika la kuhifadhi urithi wa taifa. Kasri ya Kenya nayo ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho asili yake ni shule ya kilimo aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1939. Hivyo mtu mmoja ameacha makumbusho mawili katika mabara mawili.

Nyumba ijulikanayo zaidi ni ile ya Karen Blixen, chini ya vilima vya Ngong. Ilijengwa mwaka 1912 na Msweden Åke Sjögren. Blixen aliishi humo tangu mwaka 1917 hadi 1931, shamba lake la kahawa lilipomshinda. Serikali ya Denmark iliinunua ikaitoa zawadi kwa Kenya mwaka 1964, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho, mwaka mmoja baada ya filamu iliyotokana na kitabu chake kutokea. Mgeni aingiaye huonyeshwa vyumba, samani na picha. Baadaye jiko nalo lilitengenezwa upya, likawekwa jiko la kuni la chuma la aina ya Dover pamoja na vyombo vyake.

Hapo jikoni ndipo mwanalugha anapopaswa kusimama kwa muda mrefu kuliko wageni wengine. Mwenye nyumba alikuwa Mdenmark, wafanyakazi wengi wa shamba walikuwa Wagikuyu, na msimamizi wa nyumba, Farah Aden, alikuwa Msomali. Kati yao Kiswahili kilikuwa daraja. Lakini Kiswahili gani? Katika mashamba ya walowezi ilikua lahaja ya kazi iliyoitwa Kisetla. Upatanisho wa ngeli ulipunguzwa ndani yake, kikanusha kwa neno hapana badala ya viambishi, na aghalabu kikasemwa kwa njia ya amri. Asemaye «mimi hapana jua» badala ya «sijui», au «kitu mbili» badala ya «vitu viwili», alikuwa akiitumia sarufi hiyo. Tena mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa boi. Vitabu vilitungwa kuwafundisha wageni usemi huo, kama vile Up-Country Swahili cha F. H. Le Breton cha mwaka 1936. Na mwaka 1980 Anthony Vitale alichapisha uchambuzi wake wa kiisimu.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba tunachokijua juu ya Kisetla kimetoka zaidi upande wa veranda. Vitabu vya mafunzo vilimwambia bwana aseme nini. Havikuandika mpishi alisema nini mlango ulipofungwa. Jiko la chuma laweza kutengenezwa upya kwa kufuata mfano wake. Usemi uliosemwa mbele yake hautengenezeki upya wasemaji wakiisha kutoweka. Hata hivyo, masimulizi ya Kamante Gatura, aliyekuwa mpishi wa Blixen, yalichapishwa mwaka 1975 kwa juhudi za Peter Beard. Kitabu hicho chathibitisha kwamba mtu wa jikoni alikuwa na kumbukumbu zake na namna yake ya kuzieleza, mradi apatikane mwenye kumsikiliza.

Wako wasemao kwamba nyumba za walowezi hazistahili kuhifadhiwa hata kidogo, kwa kuwa zilisimama juu ya ardhi iliyotwaliwa. Hoja hii ina haki yake, wala haifai kupuuzwa. Lakini kuibomoa nyumba hakurudishi ardhi, na huondoa ushahidi wa namna ilivyotumiwa. Jawabu ni kuikamilisha nyumba. Lugha yenyewe yatuongoza: jumba ni ukubwa wa nyumba, na ukubwa huo haukuwako ila kwa sababu ya vijumba vya wafanyakazi vilivyolizunguka. Makumbusho yaonyeshayo jumba pasipo vijumba yamesema nusu ya sentensi.

Mji wa Kitale, kaskazini ya Eldoret, watoa funzo. Makumbusho yake yalianza kama mkusanyo wa mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, aliyeyafungua mwaka 1926. Baada ya kifo chake mwaka 1966 mkusanyo huo uliachiwa taifa, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974. Uwanjani pakajengwa nyumba za jadi za jamii za magharibi ya Kenya. Hapo kile kilichoanza kwa mtu mmoja kimepanuliwa hata majirani zake wameingia.

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024, na Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti jukumu juu ya makumbusho. Siku Uasin Gishu itakapochagua nyumba ya kuhifadhi, mafundi watajua namna ya kutengeneza paa na sakafu. Kazi ya idara za lugha ni nyingine, nayo haingoji jengo: kurekodi usemi wa wazee waliofanya kazi katika mashamba hayo, majina waliyoyapa mabwana zao kwa siri, mizaha yao na nyimbo zao za kuvuna. Walioajiriwa wakiwa vijana kabla ya uhuru wa mwaka 1963 ni wazee sana sasa. Kila mmoja aondokapo bila kurekodiwa, kuta zitakazohifadhiwa baadaye zinapungukiwa na sauti moja ya kuzisemea.