Mchuzi wa Chupa na Ladha ya Kwao

Mtu akihama nchi yake huacha nyuma vitu vingi, na vingi miongoni mwa hivyo huvisahau upesi kuliko alivyodhani. Huizoea nyumba mpya, huyazoea majira ya mvua na jua, na lugha ya wenyeji humwingia kidogo kidogo. Ulimi ndio mgumu wa kusahau. Wala ulimi hauombi sana chakula chenyewe, yaani nafaka, nyama au samaki, kwa kuwa vitu hivyo hupatikana karibu kila nchi kwa sura moja au nyingine. Huomba kile kidogo kitiwacho juu ya chakula ili kikolee. Mgeni aweza kula wali wa watu miezi mitatu bila ya kunung'unika, kisha siku moja akatamani tone la siki ya kwao au chembe ya haradali ya kwao, na chakula chote kilicho mbele yake kikamwia kama majani makavu.

Vikolezo vina sifa moja zaidi iliyowapendeza wafanyabiashara wa zamani. Mkate huota ukungu na nyama huoza, lakini kitu kilichotiwa chumvi, siki na viungo, kikafungwa ndani ya chupa, huvuka bahari kikafika salama. Ndiyo sababu historia ya watu wa Ulaya waliokaa ng'ambo yaweza kusomwa katika chupa zao kama isomwavyo katika barua zao. Mfano ulio wazi kuliko mingine ni wa Waingereza, taifa lililotawanyika sana duniani kati ya karne ya 17 na ya 20, na wa michuzi yao miwili mashuhuri, kechapu na mchuzi wa Worcester. Habari za michuzi hiyo zadhihirisha kwamba kile walichokitafuta ugenini kwa jina la nyumbani kilikuwa chenyewe mgeni nyumbani kwao, na kwamba walipoisahau asili yake waliigeuza chupa kuwa ukuta.

Kechapu haikuzaliwa Uingereza. Wataalamu wengi wa lugha hukubali kwamba jina lake latokana na Kichina cha watu wa Fujian, ambao waliita hivyo mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi. Mabaharia na wachuuzi wa Fujian waliuchukua mchuzi huo katika bandari za visiwa vya kusini, na hata leo Kiindonesia kina neno kecap kwa maana ya mchuzi wa soya. Waingereza walikuwa na kituo chao cha biashara huko Bantam, katika kisiwa cha Java, tangu mwanzo wa karne ya 17 mpaka Waholanzi walipowatoa katika mwaka wa 1682. Katika bandari kama hizo mabaharia waliochoshwa na nyama ya chumvi na mkate mkavu wa melini walikutana na mchuzi mweusi, mkali, wenye harufu ya bahari, wakaupenda. Mfanyabiashara Charles Lockyer, katika kitabu chake cha mwaka wa 1711 juu ya biashara ya nchi za Hindi, aliwaarifu wenzake kwamba kechapu bora ilitoka Tonkin, yaani kaskazini ya nchi iitwayo sasa Vietnam, lakini iliyo nzuri ilipatikana Uchina pia kwa bei rahisi sana. Maneno ya namna hiyo ni maneno ya mtu anayesema juu ya bidhaa ya kigeni yenye faida. Hakuna katika siku hizo aliyeifikiria kechapu kuwa urithi wa babu zake.

Mabaharia na wachuuzi hao waliporudi kwao walikuwa wageni wa namna ya pili. Ladha waliyoizoea mashariki haikupatikana London ila kwa fedha nyingi, na wapishi wa Uingereza walijaribu kuiiga kwa vitu vilivyokuwa karibu nao. Katika kitabu cha upishi cha Eliza Smith, kilichotoka katika mwaka wa 1727, imo kechapu ya Kiingereza iliyotengenezwa kwa samaki wadogo wa chumvi walio jamaa ya dagaa, vitunguu vidogo, siki, divai nyeupe, maganda ya limau, tangawizi, karafuu, basibasi, kungumanga na pilipili manga. Wengine walitumia uyoga, na wengine jozi changa. Nyanya haikutajwa. Kechapu ilikuwa nyeusi, nyepesi kama maji, na hakuna mtoto wa leo ambaye angeitambua.

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika mwaka wa 1747 Hannah Glasse alitoa kitabu cha upishi kilichopata kusomwa sana kuliko vingine vya karne yake, na ndani yake akaweka sehemu maalumu kwa ajili ya manahodha wa meli. Humo alifundisha namna ya kufanya kechapu ya kukaa miaka 20: galoni moja ya bia kali iliyolala, ratili moja ya dagaa wa chumvi, ratili moja ya vitunguu vidogo, na pamoja na hivyo basibasi, karafuu, pilipili manga, tangawizi na uyoga. Akaongeza kwamba mchuzi huo waweza kuchukuliwa mpaka nchi za Hindi. Muda wa miaka 36 tu ulikuwa umepita tangu Lockyer awaambie wenzake wanunue kechapu huko mashariki, na sasa nahodha alishauriwa kuichukua kutoka kwao aende nayo huko huko. Mgeni amepewa jina la mwenyeji, na kwa jina hilo amerudishwa alikotoka.

Mchuzi wa Worcester una kisa kinachofanana na hiki. Wauza dawa wawili wa mji wa Worcester, John Wheeley Lea na William Henry Perrins, walianza kuuza mchuzi wao katika mwaka wa 1837. Walieneza habari kwamba maelezo ya kuutengeneza yalitoka kwa mtukufu mmoja wa jimbo lao, na baadaye watu wakasimulia kwamba mtukufu huyo alikuwa Lodi Sandys, aliyekuwa gavana wa Bengal. Kwamba mchuzi ulipokwisha kutengenezwa ulinuka vibaya, ukaachwa katika chumba cha chini ya nyumba, na ulipoonjwa tena baada ya muda mrefu ulikuwa mtamu ajabu. Kisa hiki chapendeza, lakini hakisimami mbele ya ushahidi, kwa kuwa katika orodha ya magavana wa Bengal hakuna Lodi Sandys hata mmoja. Walakini uongo nao una mafunzo yake kwa mwanahistoria. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 muuza mchuzi aliona faida kusema kwamba mchuzi wake ulitoka Bara Hindi, maana wanunuzi wengi walikuwa wamekaa huko, au walikuwa na ndugu waliokaa huko. Baadaye jina la Bengal lilififia na jina la Worcester likabaki. Katika mwaka wa 1876 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba jina la Worcestershire katika michuzi halikuwa mali ya kampuni moja. Mji ulikuwa umekwisha kuwa aina ya mchuzi.

Miongoni mwa vitu vilivyomo ndani ya chupa hiyo ni siki, asali nyeusi ya miwa, sukari, chumvi, dagaa, vitunguu, vitunguu saumu, viungo na ukwaju. Ukwaju wataka kutazamwa peke yake. Waarabu waliuita tende ya Kihindi, na kutokana na jina hilo la Kiarabu ndipo Waingereza walipopata lao. Lakini mkwaju ni mti wa asili ya Afrika ya joto, uliofika Bara Hindi zamani sana hata ukadhaniwa kuwa wa huko. Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hutia ukwaju katika mchuzi wa samaki bila ya kukumbuka Worcester, na mtu wa Worcester alitia mchuzi wake katika nyama bila ya kuukumbuka mkwaju.

Huko Bara Hindi chupa hizi zilipata kazi mpya. Katika karne ya 18 watumishi wengi wa Kampuni ya Uingereza ya biashara ya Hindi walikula pilau na michuzi ya nchi, wakavuta buruma, wala hawakuona haya. Mambo yalibadilika katika karne iliyofuata. Baada ya vita vya mwaka wa 1857, na hasa baada ya mfereji wa Suez kufunguliwa katika mwaka wa 1869 na safari kufupika, mtawala alitaka aonekane yu mbali na mtawaliwa hata mezani. Chakula cha nchi kilishushwa cheo, na makopo na chupa za Uingereza zikapandishwa. Kanali Kenney-Herbert, aliyeandika juu ya upishi katika mji wa Madras na kutoa kitabu chake katika mwaka wa 1878, aliwalaumu wenzake kwa kutegemea mno vyakula vya makopo, hali soko lilikuwa limejaa vitu vibichi. Lawama yake ilikuwa ya mpishi, lakini ugonjwa haukuwa wa jikoni. Chupa iliyowekwa mezani haikukoleza nyama tu. Ilisema pia nani ameketi kula na nani amesimama kuhudumu. Aliyesimama, mpishi wa Kihindi, ndiye aliyezijua ladha zote mbili, naye hakuulizwa.

Hamu yenyewe haikuwa kosa, wala haikuwa ya Waingereza peke yao. Katika mwaka wa 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua London nyumba ya chakula cha Kihindi, na wateja aliowatazamia zaidi walikuwa Waingereza waliorudi kutoka Bara Hindi, walioikosa huko kwao ladha ya ugenini. Biashara hiyo haikudumu, na katika mwaka wa 1812 alifilisika. Hata hivyo yafaa kukumbukwa, kwa sababu yaonyesha kwamba ulimi hauna uraia. Hulilia kilichouzoesha, pawe kwao, pawe kwa watu.

Kechapu nyekundu ijulikanayo leo ni kazi ya Marekani. James Mease wa Philadelphia alichapisha katika mwaka wa 1812 maelezo ya kechapu ya nyanya, na katika mwaka wa 1876 kampuni ya Henry John Heinz ya Pennsylvania ilianza kuuza yake. Nyanya ni tunda la Amerika, na jina lake la Kiingereza latoka katika lugha ya watu wa Mexico wa kale. Kechapu za nyanya za karne ya 19 mara nyingi zilitiwa karafuu, na katika karne hiyo Unguja na Pemba zilipata kuwa mashamba makuu ya karafuu duniani. Karafuu hizo zilipandwa, zikapaliliwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, ambao hali yao haikuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka mwaka wa 1897. Mtu alipoifungua chupa akasema kwamba anasikia harufu ya kwao, huenda alisikia pia jasho la watu ambao hakuwajua, na ambao wao wenyewe walikuwa wametolewa makwao bila ya hiari, wala hakuna aliyewapelekea chupa.

Chupa hizo zilifika pwani hii hii pamoja na utawala wa Waingereza. Maduka ya Wagoa na ya Wahindi katika Unguja, Mombasa na Nairobi yaliuza vyakula vya makopo na vya chupa kwa wageni kutoka Ulaya. Muuzaji alikuwa mtu wa Bara Hindi, mchuzi ulikuwa na ukwaju ndani yake, na mnunuzi aliuchukua akapita chini ya mikwaju, akaenda zake nyumbani akiamini kwamba amenunua kipande cha Uingereza. Imani yake ilikuwa ya kweli kwa upande wa moyo, na ya uongo kwa upande wa historia.

Safari ya kechapu ilikuwa na mzunguko mwingine tena. Wamarekani walipovitawala visiwa vya Filipino, tangu mwaka wa 1898, walikwenda nayo. Mtaalamu wa vyakula Maria Orosa, mwana wa nchi hiyo aliyesoma Marekani, ndiye atajwaye kuwa mwanzilishi wa kechapu ya ndizi, maana ndizi zilikuwa tele huko na nyanya zilikuwa haba. Aliuawa Manila katika mapigano ya mwaka wa 1945, lakini kechapu ya ndizi yaliwa mpaka sasa. Watoto wa Filipino waliohamia nchi za mbali huitafuta madukani kama Waingereza walivyotafuta chupa zao, nao huiita ladha ya nyumbani, katika bahari ile ile ambako wachuuzi wa Fujian walipita na mitungi yao ya mchuzi wa samaki. Wala hakuna mwenye haki ya kuwakanusha.

Kwa hiyo mwenye kuchunguza mila na desturi ana mambo mawili ya kutenganisha. La kwanza ni hamu ya mtu aliye mbali na kwao, ambayo ni ya haki na yastahili heshima, awe gavana au baharia, mwanafunzi au mtumwa. La pili ni madai kwamba kitu kinachotamaniwa ni mali ya asili ya watu fulani, kisichochangiwa na mkono wa mwingine. Madai hayo, yakipimwa, mara nyingi huyeyuka. Mpaka wa nyumbani na ugenini upo, na kila aliyelala macho usiku katika nchi ya watu aujua. Lakini haupiti pale ambapo chupa zilidai kwamba unapita. Walisema wazee: mgeni njoo, mwenyeji apone. Jiko la Worcester lilipona kwa ukwaju, kama majiko ya pwani yalivyopona kwa nyanya na pilipili kutoka ng'ambo. Deni ni la pande zote, na kulikiri hakumpunguzii mtu utamu wa chakula chake.