Gharama Zisizoonekana Ukutani: Funzo la Kasubi

Ukipanda kilima cha Kasubi jijini Kampala, utaliona paa kubwa la nyasi linaloshuka hadi karibu na ardhi. Hilo ndilo Muzibu-Azaala-Mpanga, jengo lililosimamishwa mwaka 1882 kuwa kasri la Kabaka Muteesa wa Kwanza, kisha likawa kaburi lake alipofariki mwaka 1884. Humo wamelala pia Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Muteesa wa Pili. Wengi hulisoma jengo hili kama historia ya wafalme. Leo nakualika ulisome kama historia ya malipo: nani alifanya kazi, kwa ujira gani, na nani alibeba gharama zisizoonekana.

Hapo awali, kazi iligawanywa kwa koo. Ukoo wa Ngeye ulikabidhiwa uezekaji, na ukoo wa Ngo mapambo ya nguzo. Pete 52 za paa, zikitazamwa kutoka ndani, huwakilisha koo 52 za Buganda. Hapakuwa na mkandarasi wala mkataba wa maandishi. Ujira mkubwa wa fundi ulikuwa heshima ya ukoo wake mbele ya Kabaka. Je, hapakuwa na gharama? Zilikuwapo. Nyasi zilikatwa na kubebwa, mafundi walikula, vifaa vililindwa. Jamii ilizibeba gharama hizo bila kuziandika.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Mtu anayedaiwa fedha taslimu hawezi tena kutoa siku zake bila kuzihesabu. Mwaka 1938, katika enzi ya Daudi Chwa, jengo liliimarishwa kwa zege na chuma. Vifaa hivyo havikatwi kondeni, hununuliwa. Wajibu wa ukoo na hesabu ya fedha vikaanza kuishi chini ya paa moja.

Hapa yafaa tufafanue istilahi. Gharama za moja kwa moja ni zile zinazoingia katika jengo lenyewe: saruji, nyasi, ujira wa mwashi. Gharama za uendeshaji ni zile zinazoiwezesha kazi: mlinzi, ghala, msimamizi, bima, usafiri. Hizi za pili hufuata zaidi muda kuliko kiasi cha kazi. Tuchukue mfano wa kubuni: mlinzi na ghala hugharimu shilingi 800,000 kwa mwezi. Mradi wa miezi 6 utahitaji shilingi 4,800,000. Ukichukua miezi 12, shilingi 9,600,000, ingawa hakuna hata tofali moja lililoongezwa.

Tarehe 16 Machi 2010 moto uliliteketeza jengo hilo, lililokuwa limeingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Mwaka huohuo wa 2010 Kasubi iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na haikutoka humo hadi mwaka 2023. Japani ilichangia fedha kupitia UNESCO, zikiwemo za kinga dhidi ya moto na utafiti wa uezekaji wa jadi. Miaka 13! Zege lina ratiba yake. Uezekaji wa nyasi una mafundi wake, majira yake na miiko yake. Anayepanga bajeti kwa saa ya zege pekee atashangaa fedha zikiisha kabla ya paa kukamilika.

Basi haki ni ipi? Mkandarasi akilipwa gharama za uendeshaji kwa asilimia ya matumizi yote, hana sababu ya kubana matumizi. Akilipwa kiasi kisichobadilika, ucheleweshaji wa mwenye mradi humtafuna yeye na vibarua wake. Njia ya haki ni kutenganisha malipo ya kazi na malipo ya muda: aliyesababisha ucheleweshaji ndiye aulipie. Na fundi wa jadi asiachwe nje ya hesabu eti kwa sababu kazi yake ni heshima. Heshima haijazi chungu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Shule au zahanati itakapojengwa mtaani kwako, usiulize tu bei ya ukuta. Uliza pia mlinzi analipwa na nani, hadi lini, na nani atalipa siku zitakapozidi. Hilo ni swali la raia.