Askari Aliyeitwa Hali Yako

Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Sawa, hauawi. Ila husahaulika, na huo nao ni msiba wake.

Mimi naishi kwa kuandika habari, na siku hizi habari ikitoka Kaliua inafika Dar es Salaam kabla chai haijapoa. Ndiyo maana kila ninaposoma historia ya njia ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora na kushika magharibi kwenda Ujiji, jicho langu humtafuta mtu mmoja: aliyebeba barua.

Mwaka 1871 njia hiyo ilifungwa na vita. Mtemi Mirambo wa Urambo, jirani kabisa na Kaliua ya leo, alikuwa akipigana na Waarabu wa Tabora. Huko Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mfuko wa barua za Livingstone ulikuwa umelala, umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Aliyekabidhiwa alikuwa askari wa msafara. Stanley akamlazimisha waende wote, wakazunguka kusini kukwepa vita, na walipofika Ujiji askari yule akamkabidhi mzee barua zake kwa mkono wake mwenyewe. Stanley alihesabu siku 365 tangu mfuko uondoke Zanzibar.

Jina la askari? Stanley anamwita Kaif Halek. Hebu lisome tena: kwa Kiarabu hiyo ni salamu, “hali yako?” Mtu kavuka pori na vita na barua za wenyewe, halafu kitabuni kabaki salamu.

Na bado huyo ana bahati. Njoo kwenye Vita Kuu. Reli ilishafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, ungedhani miguu imepumzika. Wapi! Mwaka 1916 kikosi cha Wabelgiji kilisonga kutoka Kigoma kikifuata reli hiyo, na tarehe 19 Septemba jeshi lao likaingia Tabora. Wakawa na posta zao za vita, wakagonga maneno ya Kifaransa na Kiflemi juu ya stempu za Kongo kutangaza kwamba nchi imekaliwa. Pasipokuwa na treni wala waya, barua na amri zilikwenda kwa miguu, na miguu hiyo ilikuwa ya Waafrika. Leo stempu zile zina wakusanyaji wanaozichunguza herufi kwa herufi na kuzitunza kwenye albamu. Tarishi hana albamu.

Nenda kwenye Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wachukuzi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, tena yanaahidi kwamba watoto watalikumbuka jina la mzazi wao aliyepigana. Zunguka sanamu yote utafute jina la mchukuzi mmoja. Hakuna.

Basi ahadi ile imeachiwa watoto, haikuachiwa mawe. Kama una babu au bibi Urambo, Usoke au Kaliua anayesimulia kuwa mzee wao alibeba mizigo na barua za vita, muulize jina lake, na la baba yake, kisha uandike. Vinginevyo tutabaki na salamu.