Kuteremka wapi? Mbuji-Mayi, Mwene-Ditu na jamaa zilizofukuzwa Katanga

LUBUMBASHI – Jamaa inayofunga vitu vyake kwa haraka inabaki na ulizo moja: tutateremka wapi? Mwaka 1992 na 1993 ulizo hilo liliulizwa ndani ya mabehewa ya mizigo na watu ambao, wengi wao, walizaliwa Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi na hawakuwa wameona Kasai hata siku moja. Wengine walijibu: Mbuji-Mayi, mji mkubwa. Wengine walijibu: Mwene-Ditu, Luputa ao Ngandajika, miji midogo. Leo, wakati jamaa nyingine tena zinatafuta mahali pa kuanzia upya katika jimbo zisilolijua, inafaa kukumbuka uchaguzi huo ulifanyika namna gani, na kila mmoja ulikuwa na bei gani.

Historia hii inaanza na njia ya reli. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa. Mwaka 1918 ilifika Bukama, na mwaka 1928 ikaungana na bandari ya Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikipita Kamina, Kaniama, Luputa, Mwene-Ditu na Luluabourg, mji unaoitwa sasa Kananga. Kampuni ya Union Minière ilikuwa na haja ya wafanyakazi wengi. Kuanzia miaka ya 1920 ilikwenda kuwatafuta Kasai na sehemu nyingine, ikawapa mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu kuja na bibi na watoto. Kwa hiyo Wakasai hawakufika Katanga kama wasafiri wa muda. Walifika kama jamaa, wakajenga, wakazaa, wakazika wazee wao hapa. Watoto wao walikua wakisema Kiswahili cha kambi za kazi.

Mara ya kwanza watu hao kulazimishwa kuchagua ilikuwa wakati wa uhuru. Oktoba 1959 vita vilizuka Luluabourg kati ya Waluba na Walulua. Mamia ya maelfu ya Waluba waliacha mji huo na mashamba yao, wakarudi upande wa kusini wa Kasai. Wengi walikwenda Bakwanga. Wakati ule Bakwanga haikuwa mji mkubwa. Ilikuwa kituo cha kampuni ya almasi, Forminière, chenye nyumba za wafanyakazi na ofisi. Tarehe 8 Agosti 1960 Albert Kalonji, akiwa hapa Elisabethville, alitangaza nchi ya Kasai ya Kusini, na Bakwanga ikawa makao makuu yake. Kituo kidogo cha madini kikawa mji mkuu wa nchi mpya, na kikapokea watu wengi kuliko kilivyoweza kulisha.

Matokeo yanajulikana. Mwishoni mwa Agosti 1960 jeshi la serikali ya Léopoldville liliingia Bakwanga na raia wengi waliuawa. Kisha njaa ikaja. Mwishoni mwa mwaka ule Umoja wa Mataifa ulilazimika kuleta chakula na dawa, kwa sababu watu, zaidi watoto, walikuwa wanakufa kila siku. Almasi ilikuwepo chini ya udongo. Mahindi na mihogo haikuwepo ya kutosha, na reli haikufika hapo. Hata leo, anayekwenda Mbuji-Mayi, jina jipya la Bakwanga, kwa treni, anateremka Mwene-Ditu, kisha anafuata barabara ya karibu kilomita 130.

Katanga nayo ilijitangazia uhuru tarehe 11 Julai 1960. Mwaka 1961, Waluba wa Elisabethville waliogopa polisi na vijana wa serikali ya Moïse Tshombe, wakakimbilia karibu na kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa. Kambi ilijaa makumi ya maelfu ya watu, katika vibanda vya majani, magunia na mabati. Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa ulipanga treni na kuwarudisha wengi wao Kasai ya Kusini na kaskazini ya Katanga. Lakini utengano wa Katanga ulipomalizika Januari 1963, wengi walirudi tena kwenye migodi. Kazi ilikuwa hapa, na mshahara uliwaita.

Miaka thelathini baadaye mambo yalirudi kwa nguvu zaidi. Gécamines ilikuwa imeanguka. Mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka mwaka 1990. Kampuni iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilibaki na karibu tani 50,000 mwaka 1993. Mshahara ulichelewa, mifuko ya unga ya wafanyakazi ikapungua. Katika hali hiyo wanasiasa walitafuta wa kulaumiwa. Liwali wa Shaba, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na vijana wa chama cha UFERI walisema kwamba Wakasai walichukua kazi na nafasi za wenyeji. Waliitwa bilulu, wadudu. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Hapo moto ukawaka. Likasi iliwaka kuanzia Agosti na Septemba 1992. Kolwezi ilifuata Machi 1993.

Nyumba zilichukuliwa ao zilichomwa. Kulikuwa majirani Wakatanga waliowaficha wenzao na kutunza vitu vyao, na kulikuwa majirani waliohamia ndani ya nyumba za wenzao siku ile ile. Waliofukuzwa walikusanyika kwenye masomo na kwenye gare, wakingoja treni kwa wiki na miezi. Kampuni ya reli ilikuwa na mashini chache zinazotembea. Watu waliosafirishwa walikaa juu ya mizigo yao ndani ya mabehewa, na safari ambayo zamani ilikuwa ya siku chache ilichukua wiki. Watoto na wazee walikufa gareni na njiani, wengine wakazikwa kandokando ya reli. Wakapewa jina la Kifaransa ambalo bado linasikika: refoulés, waliorudishwa kwao kwa nguvu. Lakini mtu aliyezaliwa Likasi anarudishwaje Mwene-Ditu?

Hapo ndipo ulizo la kuteremka wapi lilipokuwa zito. Treni ilipopita Kaniama na kuingia Kasai, kila baba na mama alipaswa kuhesabu: nani ananijua hapa, nina nini mkononi, watoto watakula nini mwezi ujao?

Waliochagua Mbuji-Mayi walifuata hesabu ya mji mkubwa. Kulikuwa na kampuni ya MIBA, kulikuwa na ofisi, na tangu mwaka 1982 serikali ilikuwa imeruhusu raia kuchimba na kuuza almasi. Fundi wa Gécamines, mwalimu, muuguzi, karani, wote walitumaini kupata kazi inayofanana na ile waliyoacha. Wengine walifaulu. Mji ulipata walimu na mafundi wengi kwa wakati mmoja. Lakini MIBA haikuweza kuandika kila fundi, na kwenye mashimo ya almasi mtu asiyejua kazi hiyo alianzia chini kabisa. Nyumba ya kulipia ilikuwa ghali, maji na umeme vilikuwa vichache, na mifereji ya mvua ilikuwa inakula viwanja. Pesa iliyotoka na mtu Kolwezi iliisha kwenye kodi na chakula.

Waliochagua Mwene-Ditu walifuata hesabu nyingine. Mji ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa na gare. Kila mzigo unaokwenda Mbuji-Mayi ulipita hapo: unga, chumvi, nguo, samaki, sabuni. Mtu asiye na kazi ya ofisi aliweza kushusha mizigo, kutengeneza baiskeli, kuuza bukari karibu na reli, kununua mahindi vijijini na kuyauza kwa wasafiri. Fundi wa umeme ao wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa mmoja kati ya mamia huko Likasi, hapa alikuwa mmoja kati ya wachache. Tena, kama mambo yangebadilika Katanga, treni ya kurudi ilikuwa mlangoni. Si wote walisema hivyo kwa sauti, lakini wengi hawakutaka kuwa mbali na reli.

Kundi la tatu lilitafuta shamba. Ngandajika haiko kwenye reli, lakini udongo wake unajulikana tangu zamani. Wabelgiji waliweka hapo kituo cha uchunguzi wa mimea, cha pamba na mahindi, na mpaka leo eneo hilo linalisha Mbuji-Mayi. Luputa vilevile, iliyo kwenye reli, inazungukwa na mashamba. Aliyejua jembe, ao aliyekuwa na bibi anayejua jembe, aliweza kula msimu wa kwanza wa mavuno ukifika. Lakini shida ilikuwa mbili. Kwanza, mfanyakazi wa mgodi ambaye miaka ishirini alipokea unga kutoka kampuni hakujua kulima. Pili, udongo una mwenyewe. Shefu wa kijiji aliuliza: wewe ni wa ukoo gani, babu yako aliondoka kijiji kipi? Mwenye jibu alionyeshwa mahali pa kulima. Asiye na jibu alikopeshwa kipande, na mwenye udongo aliweza kukirudisha wakati wowote. Kwa hiyo jamaa zilizokuwa zimeendelea kuandika barua na kutuma nguo kwa wajomba kijijini zilipokelewa tofauti na zile zilizokata mawasiliano.

Katika miji hiyo midogo, watoto ndio walihesabiwa kuwa wageni zaidi. Walisema Kiswahili mahali pa Tshiluba. Shuleni walichekwa, sokoni walipandishiwa bei. Walifukuzwa Katanga kwa sababu ni Wakasai, wakafika Kasai wakaitwa watu wa Katanga. Mji mdogo unajua kila mtu, na hilo lina pande mbili: jirani anakuletea chakula siku ya kwanza, na jirani huyo huyo anakukumbusha kila siku kwamba hukuzaliwa hapa.

Pesa nayo ilikuwa fumbo. Oktoba 1993 serikali ilitoa zaïre mpya. Kasai ilikataa noti hizo na ikaendelea kutumia za zamani kwa miaka. Jamaa iliyogawanyika, baba akiwa Lubumbashi na watoto Mwene-Ditu, ilijikuta na noti mbili ndani ya nchi moja. Kutuma chakula na bidhaa kwa treni kulikuwa na maana kuliko kutuma pesa, na hapo tena mwenye kukaa karibu na gare alikuwa na nafasi.

Mwisho wa miaka ya 1990 na baada ya hapo, wengi walirudi Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wengine walibaki. Mwene-Ditu ilikua mpaka ikapata cheo cha mji. Huko Luputa, karibu mwaka 2010, wakaaji walichimba kwa mikono mitaro mirefu ya kuleta maji safi kutoka chemchemi ya mbali. Mahali hapo hapakuwa tena gare ya kupitia tu. Mwaka 2015 majimbo yaligawanywa. Mwene-Ditu na Luputa zimo leo katika jimbo jipya la Lomami. Katanga yenyewe iligawanyika mara nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kolwezi, Kamina na Kalemie zikawa makao makuu ya majimbo. Miji iliyokuwa midogo kwa macho ya Lubumbashi ikapata ofisi, magari na wageni.

Sasa jamaa nyingine ziko njiani. Zilitoka Mitwaba na Pweto miaka ya vita vya vikundi vyenye silaha, zilitoka Kasai wakati wa machafuko ya 2016 na 2017. Nyingi zinafikiria Lubumbashi kwanza, kwa sababu jina la mji mkubwa linatoa tumaini. Historia haisemi kwamba mji mdogo ni bora. Bakwanga ya 1960 ilikuwa ndogo, na iliua kwa njaa. Inasema kwamba mji mdogo unashika mtu pale mambo matatu yanapokutana: njia ya kupitisha mizigo, udongo ambao mwenyewe amekubali mbele ya mashahidi, na mtu mmoja angalau anayekujua jina. Penye almasi bila mashamba, watu walikufa. Penye mashamba bila ukoo, watu walifukuzwa mara ya pili. Penye gare bila mtu wa kuwapokea, wengi walilala nje mpaka wakaendelea na safari.

Kwa hiyo, mbele ya kufunga mizigo, ulizo la wazee wa 1993 bado linafaa kuulizwa nyumbani, baba na mama pamoja, watoto wakubwa wakisikia: tukiteremka hapo, nani atatufungulia mlango siku ya kwanza, na mwaka wa pili tutakula kutoka wapi? Jamaa iliyo na jibu la maulizo hayo mawili ina pa kuanzia, hata kama mji wenyewe hauonekani kwenye ramani ya ukutani.