Malengo ya ukuaji wa uchumi na hewa ukaa nchini China

Lengo la ukuaji wa uchumi ni asilimia ambayo serikali hutaka pato la taifa liongezeke kwa mwaka au kwa kipindi cha mpango. Nchini China hutangazwa na Waziri Mkuu mbele ya Bunge la Umma, kwa kawaida mwezi Machi. Lengo hilo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya nchi hiyo iongoze duniani kwa utoaji wa hewa ukaa tangu takriban mwaka 2006. Sasa hutoa karibu theluthi moja ya hewa ukaa yote itokanayo na nishati na viwanda duniani.

Lengo linavyofanya kazi

Kuanzia 2005 hadi 2011 lengo lilikuwa asilimia 8. Majimbo, miji na wilaya nazo hujiwekea malengo, mara nyingi makubwa kuliko lile la Beijing, kwani kwa miaka mingi viongozi walipandishwa vyeo kwa kutazamwa takwimu za ukuaji. Kiongozi aliyeona mwaka unakwisha na lengo halijatimia alikuwa na njia moja ya haraka, nayo ni kujenga. Barabara, reli na majengo huongeza pato mara moja, lakini huhitaji chuma na saruji, ambazo viwanda vyake hutegemea makaa ya mawe. Saruji ina madhara zaidi: mawe ya chokaa yakichomwa, nayo hutoa hewa ukaa.

Mnamo Novemba 2008, msukosuko wa fedha ulipoikumba dunia, serikali ilitangaza mpango wa yuani trilioni 4 ili kuulinda ukuaji. Sehemu kubwa ilielekezwa kwenye miundombinu. Uchumi ulisimama imara, na hewa ukaa ikazidi kupanda.

Malengo ya nishati

Mpango wa 11 wa Miaka Mitano (2006–2010) uliagiza nishati inayotumika kwa kila kipimo cha pato ipungue kwa asilimia 20. Ikapungua kwa 19.1. Mwishoni mwa 2010 baadhi ya serikali za mitaa zilikata umeme viwandani, na kwingine hata majumbani, ili hesabu zitimie. Mpango wa 12 uliongeza sharti la kupunguza hewa ukaa kwa kila kipimo cha pato kwa asilimia 17.

Udhaifu wa malengo ya namna hii ni kwamba hupima uwiano, si jumla. Uchumi ukikua kwa asilimia 5 na hewa ukaa kwa kila yuani ya pato ikapungua kwa asilimia 3, jumla bado huongezeka kwa karibu asilimia 2.

Mwelekeo wa karibuni

Mwaka 2020, kutokana na UVIKO-19, lengo la mwaka halikutangazwa. Septemba mwaka huohuo Rais Xi Jinping aliahidi kwamba hewa ukaa itafikia kilele kabla ya 2030. Lengo la ukuaji la takriban asilimia 5 liliwekwa mwaka 2023, 2024 na 2025, ingawa sasa paneli za sola, betri na magari ya umeme navyo huchangia ukuaji.

Septemba 2025 China iliahidi kupunguza jumla ya gesi joto kwa asilimia 7 hadi 10 kutoka kilele chake ifikapo 2035. Hatua hiyo ni ya msingi, kwa sababu joto la dunia hufuata jumla ya gesi, si uwiano. Serikali yoyote inayotangaza lengo la ukuaji inapaswa kutangaza pamoja nalo ukomo wa hewa ukaa.